Nywele za angani, na yule mfamasia aliyezipa jina

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wa sekondari hapa Mwanza, siku ya hali ya hewa duniani, Machi 23. Nimeiandika kama nilivyoiongea, nimetoa tu sehemu nilizokua nakohoa na pale maiki ilipokata.

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliofika, shikamooni. Na nyie watoto najua mnataka kuniamkia, marahaba, kaeni tu, jua kali.

Mwalimu wenu wa jiografia aliponipigia simu alisema mzee njoo utuongelee mabadiliko ya tabianchi. Nikamwambia mwalimu, hilo watoto wameshaambiwa mpaka wamelichoka, mimi niacheni niongelee neno moja tu. Akauliza neno gani, nikamwambia sirasi. Akanyamaza kidogo, nadhani alikua anapiga hesabu kama neno moja linaweza kujaza nusu saa. Haya tutaona.

Kidato cha tatu, nani ananitajia aina za mawingu? Wewe wa nyuma, simama. Eeh. Sirasi, kumulasi, stratasi, nimbasi. Safi sana, umeyataja kama mtu anaita mahudhurio. Sasa niambie, sirasi maana yake nini? "Mawingu ya juu sana na mepesi." Hapana mwanangu, hayo ni maelezo ya wingu lenyewe, mimi nauliza neno, hilo neno lilikua linamaanisha nini kabla halijapandishwa angani? Umeona, kimya. Usijali, kaa, mimi mwenyewe nilikaa kazini miaka 19 nikiliandika kila siku na sikua najua, na mshahara nilikua nachukua.

Kwa ambao hamnijui, nilikua mpima hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege, sasa hivi nimestaafu. Kazi yenyewe ukiisikia utasema hii nayo ni kazi? Kila saa unatoka nje, unaangalia juu, unaigawa anga mafungu 8 kichwani mwako, unakadiria mawingu yamefunika mafungu mangapi, ni ya aina gani, yako juu kiasi gani, unarudi ndani unajaza fomu, rubani akiuliza anajibiwa. Usiku hivyohivyo, mvua hivyohivyo, mbu ndio usiseme. Na kwenye fomu hatukua tunaandika sirasi kwa kirefu, ni Ci tu, halafu kwenye zile namba za kimataifa za aina za mawingu sirasi ni 0 na lile wingu la radi, kumulonimbasi, ni 9. Kwahiyo kwangu mimi sirasi ilikua sifuri, naiona, naiandika, nageuka naenda kunywa chai.

Sasa siku moja niko nyumbani, siku ya mapumziko, mke wangu yuko kibarazani anamfumua binti yetu rasta, mtoto analia kichwa kinamuuma, nywele zimesimama upande mmoja, nyuzinyuzi, ncha zimejikunja na upepo wa ziwani unazipeperusha. Akapita padri mmoja mzee, rafiki yangu, marehemu sasa, huyo alikua amekula Kilatini seminari kwa miaka mingi na alipenda kukimwaga kwa watu ambao hawakumuomba. Akasimama getini, akanyoosha kidole, akasema "cirrus!" Mimi nikaangalia juu, na kweli kule juu ya paa la jirani kulikua na sirasi imetapakaa anga nzima, nikamwambia eeh padri, Ci, mafungu 3. Akanishangaa. Akasema wewe unaongelea nini, mimi namwambia mtoto nywele zake.

Jamani nilibaki mdomo wazi. Miaka 19!

Maana ndio hiyo, hamna siri nyingine. Cirrus kwa Kilatini ni neno la saluni. Ni fungu la nywele lililojisokota, au tuseme shungi. Na lilikua na maana nyingine za jirani, Mrumi akimuona ndege mwenye kile kishungi cha manyoya kichwani anasema cirrus, akiona matamvua yananing'inia kwenye pindo la nguo anasema cirrus hiyohiyo. Kuna mshairi wa Kirumi anaitwa Juvenal, mtu wa kejeli sana, anauliza sehemu moja nani atamshangaa Mjerumani kwa macho yake ya buluu na nywele zake anazozilowesha na kuzisokota kama pembe, wakati kwao wote wako hivyo? Hapo kwenye nywele neno alilotumia ni hilohilo. Kwahiyo muone lilikotoka, kutoka kichwa cha Mjerumani mwenye nywele mbichi mpaka kwenye fomu yangu ya uwanja wa ndege.

Halafu kitu kilichonifurahisha zaidi. Kiswahili tunalo neno ambalo linamfuata huyu Kilatini hatua kwa hatua, shungi. Shungi ni nywele, fungu la nywele lililosukwa au lililoachwa liote. Kishungi ni kile cha kuku, wengine mnaita kisunzu, yule kuku wa kienyeji anayeonekana kama kavaa kofia. Yaani neno moja limebeba nywele na ndege kwa pamoja, sawasawa na la Kirumi, na hamna mtu aliyemuiga mwenzake, ni macho tu yameona kitu kimoja. Hilo nitalirudia mbele, lishikeni.

Ngoja kwanza niwape ndugu zake wawili, mmoja wa kweli mmoja wa kusingiziwa. Wa kweli yuko baharini. Wale mliowahi kukaa pwani mnavijua vile vidudu vyenye gamba gumu kama kinundu cha mawe, vinaganda chini ya majahazi na kwenye nguzo za gati, ukivikanyaga vinakuchana mguu. Ndani ya lile gamba kuna kiumbe kinatoa miguu laini kama nywele, kinaitumia kuchotea chakula majini. Wataalamu wakaliita kundi lote Cirripedia, maana yake wenye miguu ya mashungi. Charles Darwin, huyo mnayemsoma kwenye baiolojia, alikaa miaka 8 anavichunguza hivyo vidudu kuanzia 1846, kabla hajatoa kile kitabu chake cha 1859 kilicholeta kelele zote zile. Miaka 8 kwenye vidudu vya gatini, na watu wanasema mimi nina subira.

Wa kusingiziwa ni ugonjwa wa ini, sirosisi. Watu wengi wanadhani ni ukoo mmoja kwasababu kwa sikio vinafanana, na zamani hata waandishi wa vitabu walichanganya wakawa wanaliandikia wingu herufi h ambayo haikua yake. Ule ugonjwa jina lake limetoka Kigiriki, kirrhos, rangi ya manjano iliyofifia kama kahawia hivi, maana ini la mgonjwa lilionekana lina hiyo rangi, na aliyelipa jina ni daktari Mfaransa Laennec mwaka 1819, yule yule aliyebuni kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kwahiyo ukisikia mtu anasema mlevi ana mawingu kwenye ini, mwambie hapana, h inakataa.

Haya, sasa nani alichukua nywele akazipeleka angani? Anaitwa Luke Howard. Alizaliwa London Novemba 28, 1772. Hakua profesa, hakua mtu wa hali ya hewa maana hiyo kazi yenyewe ilikua haipo, alikua mfamasia. Ana kiwanda cha kutengeneza dawa huko Plaistow, mashariki ya London, na ushirika wa biashara na mwenzake William Allen. Dini yake ni Quaker, wale Wakristo wa kimyakimya, na kipindi kile Quaker hawakuruhusiwa kusoma vyuo vikuu vya Uingereza, kwahiyo elimu yake ikaishia shule ya bweni huko Burford ambako, kwa maelezo yake mwenyewe alipokua mzee, alifundishwa sarufi ya Kilatini kupita kiasi na mengine kidogo mno. Wanafunzi mnaolalamika kwamba mnasoma vitu ambavyo havitawasaidia, huyu mtu alilalamika hivyohivyo, na ndio Kilatini hichohicho kikaja kumpa jina lake mjini.

Mwaka 1783 akiwa mtoto wa miaka 10 hivi, kule Iceland volkano ya Laki ilifunguka ikawa inatema gesi kwa miezi, ukungu mkavu ukafunika Ulaya, jua likawa jekundu mchana. Mwaka huohuo mwezi wa nane ikapita kimondo kikubwa angani, watu wengi Uingereza walikiona. Na mwaka huohuo Novemba kule Paris watu wawili wakapanda puto la hewa moto wakaelea juu ya mji kwa mara ya kwanza. Sasa mtoto wa umri huo, anga linafanya vituko vyote hivyo ndani ya mwaka mmoja, unategemea aangalie chini?

Alivyokua mkubwa akajiunga na kikundi cha vijana wa London wanaopenda sayansi, kinaitwa Askesian Society, kilianza 1796, wanakutana kwenye maabara ya Allen, Plough Court. Neno lenyewe la Kigiriki maana yake mazoezi. Na walikua na sheria nzuri sana ambayo mwalimu mkuu naomba uifikirie: kila mwanachama zamu yake ikifika lazima alete mada aliyoiandika mwenyewe, asipoleta anapigwa faini. Kwahiyo Desemba 1802, Howard ana miaka 30, zamu yake imefika, na mimi napenda kufikiria kwamba ilikua ni hofu ya faini, akasimama akasoma mada kuhusu mawingu.

Sasa mawingu kabla ya siku ile yalikua hayana majina. Sio kwamba watu walikua hawayaoni, wavuvi waliyaona, wakulima waliyaona, kila kijiji na neno lake, lakini mtu wa London akitaka kumwandikia mtu wa Moscow leo anga lilikua hivi, anafanyaje? Anaandika aya nzima. Wingu linabadilika kabla hajamaliza kuchovya kalamu wino. Watu waliamini kabisa haiwezekani kukipa jina kitu ambacho hakikai dakika 5 na sura ileile.

Howard akasema hapana, maumbo ni machache, yanachanganyikana tu na kugeukiana. Akaweka matatu ya msingi. Cumulus maana yake lundo, yale mawingu kama pamba iliyorundikwa. Stratus, kilichotandazwa, kama shuka. Na cirrus, shungi. Akaongeza nimbus, wingu la mvua, halafu akaunganisha majina kwa majina, shungi likianza kutandazika linakua cirro-stratus na kadhalika. Maelezo aliyolipa shungi ni mafupi na mimi nayapenda kwasababu hayana urembo: nyuzi zilizolala sambamba, au zinazojipinda, au zinazotawanyika, zinazoweza kurefuka kuelekea upande wowote au pande zote. Ukimuelezea mtoto nywele za mtu aliyetoka usingizini utasema nini zaidi ya hapo?

Na hapa mniruhusu niwaonjeshe kitu. Mwaka huohuo 1802 kule Ufaransa, Lamarck, mwanasayansi mkubwa kuliko Howard mara kumi, na yeye alitoa orodha yake ya mawingu, kwa Kifaransa. Yale ya juu membamba aliyaita kwa neno la kufagia, mawingu yaliyofagiwa. Mmoja kaona nywele, mwenzake kaona ufagio, anga ni lileile na mwaka ni uleule. Na kusema ukweli ufagio sio mbaya, mimi nimeona asubuhi nyingi hapa ambazo anga limekaa kama uwanja wa mchanga uliofagiwa na fagio la chelewa, ile mistari. Lakini orodha ya Lamarck ilikufa. Alikua ameitoa kwenye kalenda yake iliyochanganya na utabiri wa mambo ya mwezi, watu hawakuitilia maanani, halafu ilikua Kifaransa, na kipindi kile Ufaransa na nusu ya Ulaya wanapigana. Kilatini hakikua cha mtu, hamna jeshi linaloongea Kilatini.

Kuna bwana mwingine akaja baadae kidogo, Thomas Forster, Mwingereza, akasema hii Kilatini ya nini, tuyaite kwa Kiingereza chetu cha nyumbani, cirrus tuiite wingu la nywele za kujikunja, cumulus wingu la kurundika. Howard akakataa. Hoja yake ilikua kwamba ukiweka kila lugha na majina yake tumerudi kulekule, mtu wa hapa hamuelewi wa kule. Hapo ndio mimi huwa nasimama katikati, na nitasema upande wangu kabla sijakaa.

Baada ya hapo lile neno likatembea bana. Kule Ujerumani Goethe, mshairi mkubwa kabisa wa Wajerumani, akasoma mambo ya Howard akapagawa, akaandika mashairi ya kumsifu, kila aina ya wingu na ubeti wake, na akatuma watu waulize huyu Howard ni nani jamani, nataka kujua maisha yake. Mfamasia wa watu akamuandikia kwa unyenyekevu mwaka 1822. Kwenye miaka hiyohiyo mchoraji John Constable alikua anapanda kilima cha Hampstead na rangi zake anachora anga tupu, hamna mti hamna nyumba, na nyuma ya mchoro mmoja ameandika neno moja tu, cirrus. Na mwaka 1896 nchi zikakubaliana zikatoa atlasi ya kimataifa ya mawingu, kwa lugha tatu, yenye picha za rangi, aina 10, na majina ni yale ya mfamasia. Yeye alishakufa 1864. Nyumba yake ya mwisho, Tottenham, ina kibao ukutani kinachosema hapa aliishi mtu aliyeyapa mawingu majina. Wapenzi wa mpira humu ndani najua mmesikia Tottenham mkaamka, laleni tena.

Sasa tuje kwenye wingu lenyewe, kwasababu hilo jina la nywele lina uzuri mwingine ambao Howard alipokua analichagua aliangalia sura tu.

Sirasi iko juu. Huku kwetu kwenye tropiki unaikuta kuanzia kilomita 6 mpaka hata 18. Kilimanjaro ni mita 5,895, kwahiyo ukisimama kileleni Uhuru umechoka, umevimba uso, sirasi bado iko juu yako inakuangalia. Na huko juu kuna baridi ambayo maji hayawezi kukaa kama maji, tone la wingu linaweza kung'ang'ania kimiminika hata chini ya sifuri, lakini likifika kama nyuzi 38 chini ya sifuri linaganda lenyewe bila kuambiwa. Kwahiyo sirasi ni wingu la barafu. Chembechembe za barafu.

Na zile nywele ni nini? Zinaanguka! Hilo ndilo ambalo wengi hawajui. Ule uzi unaouona ni chembe za barafu zinadondoka kutoka kwenye kifundo cha juu, sasa upepo wa juu una kasi tofauti na upepo wa chini yake, kwahiyo chembe zikishuka zinaachwa nyuma au zinavutwa mbele, mstari unapinda, ndio unaona ile ndoano, kichwa kidogo juu na mkia mrefu umelala. Aina hiyo ya ndoano ina jina lake kabisa, uncinus, na ile ya nyuzi zilizonyooka ni fibratus. Zinashuka, zinafika kwenye hewa kavu, zinayeyukia hewani kabla hazijafika popote. Yaani unachokiangalia pale ni mvua ya barafu ambayo haitakaa ifike kwako. Mimi hiyo niliifahamu kutoka kwenye kitabu, nikatoka nje kwenda kuangalia, nikajikuta nimechelewa kujaza fomu dakika 20, na bosi hakufurahi.

Zikitandazika zaidi, nywele zikichanwa zikawa shuka nyembamba nyeupe, hapo ni sirostratasi, na hiyo ndio inaleta lile duara kubwa kuzunguka jua au mwezi. Mwanga unapita kwenye chembe za barafu zenye pande 6, unapinda, unatengeneza duara lililo nyuzi 22 kutoka kwenye jua. Kila likitokea simu yangu haipumziki, watu wananitumia picha kwenye WhatsApp, mzee hii dalili ya nini, mwisho wa dunia? Nawajibu ni barafu. Hawapendi hilo jibu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana hapa ndio nina ugomvi na vitabu. Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Na vitabu vya jiografia vinasema sirasi ni dalili kwamba mvua inakuja ndani ya siku moja au mbili. Hiyo ni kweli, kwa Howard. Kule kwao Ulaya hewa ya joto inakuja taratibu inapanda juu ya hewa baridi, ncha yake ya mbele kabisa huko juu ndio sirasi, inatangulia kama mtu anayepiga hodi, nyuma yake mawingu yananenepa, mwisho mvua. Lakini hapa Mwanza? Hapa usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, maji yale ni ya vuguvugu, hewa inapanda juu kwa nguvu, kumulonimbasi zinasimama kama minara, radi. Wavuvi wa dagaa walioko humu, na wazazi ambao mnao vijana huko usiku na taa zao, hamhitaji mimi niwaambie habari ya zile radi. Wingu lile likifika juu kabisa haliwezi kupanda tena, linatandazika kama fuawe la mhunzi, na pembeni linachanika nyuzinyuzi. Asubuhi radi imeisha, mnara umeanguka, lile la juu limebaki linaelea, jembamba, limechanwa na upepo. Unaamka unasema aa sirasi, kitabu kinasema mvua inakuja. Mvua imeshaondoka mwenzangu! Imenyesha usiku ukiwa umelala, yale ni mabaki yake. Kule inapiga hodi, huku mara nyingi inaaga.

Mnajua lile wingu la radi likianza kuota nyuzi juu linaitwaje kwenye atlasi? Cumulonimbus capillatus. Capillatus maana yake lenye nywele. Nikicheka na yule padri alikua anasema hawa watu wa hali ya hewa ni vinyozi.

Kijana mmoja aliniuliza nje hapo kabla hatujaanza, ile mistari ya ndege je? Ndio, na yenyewe imo. Ndege ikiwa juu kwenye baridi ile, mvuke unaotoka kwenye injini unaganda unakua mstari wa barafu, hewa ikiwa kavu unapotea haraka, ikiwa na unyevu wa kutosha unakaa, unapanuka, baada ya muda huwezi kuutofautisha na sirasi ya Mungu. Kwenye atlasi mpya ya 2017 wameupa jina, cirrus homogenitus, yaani shungi lililotengenezwa na watu. Rasta za bandia tuseme. Na zote hizi, ya asili na ya ndege, zikiwa nyembamba zinaliacha jua liingie ila joto la ardhi linalotaka kutoka usiku zinalizuia, haya mwalimu hapo nimekuwekea mabadiliko ya tabianchi kidogo usije ukasema nimekunyima.

Upande wangu sasa. Mimi siombi Kilatini kitolewe kwenye fomu. Howard alikua sahihi, rubani anayetoka Addis au Doha lazima aelewe nilichoandika, Ci ni Ci. Lakini mtoto wa kidato cha tatu sio rubani. Kwa Howard na wale wenzake pale Plough Court, aliposema cirrus kila mtu ukumbini aliyesoma Kilatini aliona nywele, picha ilikuja yenyewe, ndio maana jina lilishika. Sisi tumepokea sauti bila picha. Sirasi, kumulasi, tunakariri kama namba za simu, mtihani ukipita zimefutika, na mtu mzima mwenye familia anaweza kuziandika miaka 19 hajui kaandika nini. Kwahiyo walimu naomba, siku mnapofundisha, semeni hili ni shungi, hili ni lundo, hili ni tandiko, watoke nje waone, halafu ndio waandikieni ubaoni majina ya kimataifa. Dakika 10 tu. Na kama kuna mtu wa Baraza la Kiswahili anaweza kunisikia, mimi wingu shungi nalitoa bure, sidai kitu.

Nilikua nimepanga nimalizie kwa kuwatoa nje tuangalie pamoja, nimeshaongea na mwalimu wa zamu. Kabla ya kusimama hapa nilichungulia, niwaambie ukweli msije mkasema mzee ametudanganya, leo hamna shungi hata moja. Ni malundo matupu, upande wa ziwa, mafungu 4, na yale ya kule nyuma ya tenki la maji yananenepa kwahiyo walioanika nguo bwenini mkatoe.